Magadi si Chokaa: Maelezo kwa Makatibu na Wanachama

Katika ghala la chama cha msingi, na hata katika duka la kawaida pale Endagikot, huweza kukutwa unga mweupe wa namna tatu uliowekwa kwenye rafu moja: magadi, chokaa ya kilimo, na soda ya kuokea mikate. Kwa macho si rahisi kuzitenganisha namna hizo, hasa zikiwa zimesagwa na karatasi ya jina imebanduka. Zote hutoa povu zikidondoshewa maji ya ndimu. Hata majina yake yamechanganyika: wako wauzao magadi kwa jina la soda, na wako waitao soda ya kuokea magadi. Hata hivyo kazi zake hazifanani hata kidogo, na katibu aagizaye moja akidhani ni nyingine aweza kumharibia mwanachama shamba kwa misimu mingi. Kwa upande wa jikoni, hasara ya kutojua tofauti hiyo huonekana katika meno ya watoto.

Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi magadi, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na watu wa Mbulu na Hanang. Uwanda wa juu wa Mbulu umekaa kati ya mabonde mawili yenye maji ya magadi: upande wa mashariki liko Ziwa Manyara, upande wa magharibi liko Ziwa Eyasi. Kusini, chini ya mlima Hanang, liko Balangida. Hakuna hata moja kati ya maziwa hayo lenye mto wa kutolea maji yake nje.

Wanakemia huviita vitu hivi kabonati. Kabonati ni muungano wa metali na kundi dogo la chembe nne, yaani chembe moja ya kaboni iliyoshikwa na chembe tatu za oksijeni. Metali ikiwa kalsiamu, hupatikana kabonati ya kalsiamu (CaCO3), ambayo ndiyo mawe ya chokaa, ganda la yai, ganda la konokono, na ile koga nyeupe inayoganda ndani ya birika. Metali ikiwa sodiamu, hupatikana kabonati ya sodiamu (Na2CO3), ambayo ndiyo kiini cha magadi. Soda ya kuokea ni ndugu wa karibu: nayo ina sodiamu, lakini imechukua haidrojeni mahali pa nusu ya sodiamu hiyo, kwa hiyo huitwa bikabonati (NaHCO3) na ukali wake ni mdogo. Povu litokalo kwa ndimu ni hewa ya ukaa inayofukuzwa na tindikali ya tunda. Kwa hiyo jaribio la ndimu humwambia mtu tu kwamba ameshika kitu cha jamii ya kabonati. Haliwezi kumwambia ni kabonati ya metali gani.

Jaribio lifaalo ni la maji. Kijiko cha magadi safi kikikorogwa katika glasi ya maji hutoweka, kwa maana lita moja ya maji ya joto la kawaida huweza kuyeyusha zaidi ya gramu 200 za kabonati ya sodiamu. Maji hayo huteleza vidoleni kama maji ya sabuni. Magadi ya kuchota huacha mchanga na udongo chini, lakini utelezi hubaki. Kijiko cha chokaa ya mawe kikikorogwa huyafanya maji kuwa meupe kwa muda, kisha unga wote hutua chini, kwani lita moja ya maji safi haiwezi kuyeyusha hata gramu moja ya unga huo. Mwenye maua ya choya nyumbani anaweza kuongeza jaribio la pili: maji mekundu ya choya yakitiwa magadi hugeuka rangi na kuelekea buluu au kijani, kwa sababu magadi ni alkali ya kutosha. Vidole vioshwe baada ya majaribio hayo, na unga wowote usiojulikana usionjwe kwa ulimi.

Tofauti hiyo ya kuyeyuka ndiyo ufunguo wa mengine yote. Kabonati ya sodiamu huyeyuka, kabonati ya kalsiamu haiyeyuki. Basi magadi yakiingia mahali palipo na kalsiamu iliyoyeyuka, kundi la kabonati huiacha sodiamu na kuishika kalsiamu, na muungano huo mpya hutua chini kama chokaa. Kwa maneno mafupi, magadi huondoa chokaa ndani ya maji na kuacha sodiamu mahali pake. Kila jema na kila baya linalotendwa na magadi, kwa sehemu kubwa, latokana na tabia hiyo.

Chukua kwanza mambo mema. Maji magumu, yale yasiyotoa povu la sabuni upesi, yana kalsiamu nyingi. Sabuni hushikana na kalsiamu hiyo na kufanya utando badala ya povu. Mfuaji akitia magadi kidogo, kalsiamu hutua, na sabuni hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Jikoni ni vivyo hivyo. Ngozi ya harage na ya punje ya mahindi imeshikizwa na aina ya gundi ambayo nguvu yake yatokana na kalsiamu. Magadi huivuta kalsiamu hiyo, na ukali wa alkali huilegeza gundi yenyewe, ndipo makande ambayo yangekaa jikoni tangu asubuhi hadi jioni yakaiva kabla ya adhuhuri. Kwa nyumba inayotafuta kuni mbali, faida hiyo si ndogo, na mtu asiwacheke akina mama wanaoitumia.

Lakini gharama ipo. Ukali ule ule huharibu vitamini B1, ambayo haistahimili alkali pamoja na moto. Sufuria za alumini huliwa na magadi, nazo huonyesha madoa meusi na hatimaye vitobo. Chungu cha udongo au sufuria ya chuma haidhuriki hivyo. Hayo, hata hivyo, ni madogo yakilinganishwa na jambo la floraidi.

Wakazi wengi wa Arusha na Manyara wamezoea kuona meno yenye rangi ya kahawia, na wengine huyahesabu kuwa alama ya kuzaliwa ya watu wa kaskazini. Si alama ya kuzaliwa. Ni kazi ya floraidi iliyozidi mwilini wakati meno ya kudumu yanapojengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utoto mchanga hadi karibu miaka minane. Mtu mzima aliyehamia eneo hilo habadiliki meno, ila mtoto wake aliyezaliwa hapo hubadilika. Floraidi ikizidi sana na kwa miaka mingi, hufika mifupani: mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda, kama ilivyojulikana katika baadhi ya vijiji vya Arumeru kando ya mlima Meru.

Kwa nini floraidi na magadi hukutwa pamoja? Jibu limo katika tabia iliyotajwa. Mvua hunyesha juu ya mawe ya volkano yenye sodiamu nyingi, nayo maji huteremka na sodiamu, kabonati, kalsiamu kidogo na floraidi kidogo. Mahali pengi duniani kalsiamu ndiyo mlinzi: floraidi ikizidi, kalsiamu huishika na kuitua chini kama jiwe lisiloyeyuka. Ila katika mabonde haya kabonati huwahi. Huishika kalsiamu yote na kuifanya chokaa, na floraidi hubaki bila wa kuishika. Jua huendelea kukausha ziwa lisilo na njia ya kutoka, na kila siku maji yanapopungua, floraidi iliyobaki huzidi kuwa kali. Mwisho wake ni ganda la magadi lenye floraidi ndani yake au katika unyevu uliolizunguka.

Watafiti waliopima magadi yauzwayo katika masoko ya Tanzania wameona kwamba kiasi cha floraidi hutofautiana mno: magadi ya mahali fulani yana kidogo sana, na ya mahali pengine yana gramu kadhaa katika kila kilo. Jicho haliwezi kutofautisha. Ili msomaji apate kipimo, tuseme magadi fulani yana gramu 3 za floraidi katika kilo moja. Kijiko cha gramu 5 kitakuwa kimetia miligramu 15 ndani ya chungu. Watu sita wakila chungu hicho, kila mmoja atapata miligramu mbili na nusu, ambazo ni zaidi ya kunywa lita moja na nusu ya maji yaliyofika kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Na huo ni mlo mmoja. Tanzania ilipata kukubali miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, si kwa sababu kiasi hicho ni salama, bali kwa sababu visima vingi visingefaulu kwa kipimo kingine. Baadaye kikomo kikashushwa hatua kwa hatua. Kijiji kinaweza kuwa na chemchemi nzuri kabisa, na bado meno ya watoto yakaharibika kwa njia ya makande.

Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji hupungua, floraidi hubaki ile ile, na kwa hiyo huzidi nguvu. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu mifupa ina kalsiamu ambayo bado yaweza kuishika. Kwa chungu cha maharage dawa ni nyepesi zaidi: kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga maji hayo, na kupika kwa maji mapya. Nyumba isiyoweza kuacha kabisa itumie chembe kidogo ya soda ya kuokea kutoka kiwandani, iliyosafishwa, na chakula cha watoto wadogo kipikwe bila magadi ya ziwani. Duka la chama likiweka soda hiyo mahali pa magadi ya kuchota, litakuwa limefanya jambo ambalo mikutano mingi ya afya haijalifanya.

Mifugo nayo isisahauliwe. Wafugaji wa Kiiraqw na wa Kidatoga wamekuwa wakiwapeleka ng'ombe mahali pa udongo wa magadi tangu zamani, na sababu ni ya kweli: nyasi zina sodiamu chache, na mnyama anaihitaji. Lakini ng'ombe pia ana meno na mifupa. Floraidi ikizidi, meno ya ndama huota na madoa, huchakaa mapema, na mnyama huchechemea. Chumvi ya kawaida hutosheleza haja ya sodiamu bila hatari hiyo. Fosfeti ghafi ya Minjingu, ambayo ni mbolea nzuri shambani, nayo isitolewe kwa ng'ombe kama madini ya kulamba, kwa maana mawe ya fosfeti hubeba floraidi pia.

Sasa shamba, mahali ambapo kosa la katibu huwa la gharama kubwa zaidi. Udongo wenye tindikali nyingi huhitaji chokaa. Kabonati ya kalsiamu hukutana na tindikali, hewa ya ukaa huondoka, na kalsiamu hubaki imeshikwa na udongo. Kazi hiyo ni ya polepole, na hutegemea usagaji: punje kubwa kama mchanga hukaa miaka bila kufanya lolote, unga laini hufanya kazi ndani ya msimu.

Tuseme mfanyabiashara analeta unga mweupe kwa bei nusu, akisema ni chokaa, nao ni magadi. Kipimo cha tindikali kitapanda haraka, hata haraka kuliko kwa chokaa, na mwenye shamba atafurahi. Hapo ndipo hatari ilipo. Chembe za udongo wa mfinyanzi hushikamana kwa sababu ya kalsiamu iliyo katikati yake, kama matofali na udongo wa kujengea. Magadi huiondoa kalsiamu na kuiacha sodiamu, ambayo haina nguvu ya kushikamanisha. Mvua ikinyesha, chembe hutawanyika na kuziba matundu yote. Maji husimama juu kama juu ya sakafu, na jua likitoka, uso wa shamba hukauka kuwa gamba gumu ambalo mche wa harage hauwezi kulipasua. Mboji ya udongo huyeyuka katika alkali na kuacha utando mweusi pembeni mwa madimbwi. Wakulima wa umwagiliaji katika mabonde ya chini huweza kufika hali hiyo bila kununua chochote, kwa kumwagilia maji yenye magadi na kutoyapa njia ya kutoka.

Shamba la namna hiyo haliponi kwa kuongezwa chokaa. Chokaa haiyeyuki mahali penye alkali, nayo hukaa tu. Kinachohitajika ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, ambayo huyeyuka kiasi cha kutosha kuirudisha kalsiamu mahali pake, na baada yake maji mazuri na mifereji ya kuiondoa sodiamu. Nchini Tanzania jasi huchimbwa Makanya katika wilaya ya Same, na Itigi mkoani Singida. Basi kwa udongo wa tindikali ni chokaa, kwa udongo wa magadi ni jasi, na magadi yenyewe hayafai udongo wowote.

Ndiyo maana udongo upimwe kabla ya chama kuagiza. Sampuli zaweza kupelekwa kwa ushauri katika vituo vya TARI, vikiwamo Selian mjini Arusha na Mlingano mkoani Tanga. Mfuko wa chokaa uwe na maandishi yaonyeshayo kilichomo na jina la mtengenezaji. Usio na maandishi ufanyiwe jaribio la maji lililoelezwa hapo juu mbele ya wajumbe wawili, kabla ya mpokeaji kutia sahihi. Jaribio hilo halina gharama yoyote zaidi ya glasi na subira ya robo saa.

Onyo moja kwa vikundi vitengenezavyo sabuni. Chokaa ya kupakia kuta, iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, si kabonati tena, nayo ni kali. Ikichanganywa na maji ya magadi, kalsiamu hushuka na kabonati kama ilivyo desturi yake, na kinachobaki majini ni kostiki soda, ambayo hula ngozi na kupofusha macho. Mafundi wa sabuni wa zamani waliifanya kazi hiyo kwa makusudi. Isifanywe karibu na watoto, wala bila mipira ya mikono na kinga ya macho.

Wapendao kujua habari za nje watafurahi kusikia kwamba maeneo haya yanajulikana na wanakemia wa dunia nzima. Herufi Na zinazowakilisha sodiamu zinatokana na natroni, jina la kale la magadi ya Misri, ambayo Wamisri waliyatumia kukaushia maiti za wafalme. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Ngorongoro, ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa katika zama hizi ujiuji wa kabonati za sodiamu. Ujiuji huo ni mweusi, mwepesi kama mafuta, wenye joto la digrii 500 hadi 600 tu, na ukishapoa hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka mweupe. Madini mojawapo yaliyomo yameitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Nchini Kenya, Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 kuchimba Ziwa Magadi, na baadaye ikawa chini ya Tata Chemicals ya India. Mpango wa kujenga kiwanda kama hicho Ziwa Natron ulipingwa kwa sababu ziwa hilo ndilo mazalio makuu ya flamingo wadogo, na mwaka 2008 Tata ilijitoa. Tangu hapo macho ya Shirika la Taifa la Maendeleo yameelekea Engaruka. Viwanda vya kioo na vya sabuni ndivyo wateja wakubwa wa magadi yaliyochomwa.

Limebaki jambo la mizani, ambalo huleta ugomvi wakati wa ukaguzi. Magadi ya ziwani katika hali yake ya kawaida ni muungano wa kabonati, bikabonati na maji, na katika kila kilo 100 safi, kilo 16 ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Yakichomwa sana, maji huondoka pamoja na sehemu ya hewa ya ukaa, na hubaki kilo 70 hivi. Soda ya kufulia ya fuwele zing'aazo kama kioo ina maji zaidi: kilo 63 katika kila 100. Ikiachwa wazi wakati wa kiangazi, fuwele hugeuka unga na gunia huweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake bila mtu kuligusa. Magadi yaliyochomwa hufanya kinyume, hunyonya unyevu na kuongezeka uzito, kisha huganda kuwa bonge. Kwa hiyo katibu aandike katika daftari la ghala ni namna gani iliyopokelewa, uzito wake siku hiyo, na kama ilikuwa fuwele au unga, na magunia yawekwe juu ya mbao yakiwa yamefungwa. Chokaa ya mawe iliyosagwa haina maji ya kufungwa ndani yake. Gunia la chokaa lililopokelewa kavu na kupungua kilo kumi halitaelezwa na kemia.